Lori moja, dola zaidi ya milioni

Mmeuliza wiki hii kama breve ya kompyuta, yaani cheti cha mafunzo mafupi, inamsaidia mwanafunzi wa sekondari kupata kazi. Swali limenigusa. Hapa Lubumbashi, Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ikishapita tu, wazazi wa komini za Katuba na Kenya wanajikamua kulipia mafunzo ya Word na Excel, na watoto wanarudi na karatasi yenye mihuri. Mimi ningeuliza jingine: mtoto huyo akikaa mbele ya mashine, anaelewa anachokiandika?

Nafanya hesabu katika depo moja ya usafirishaji, upande wa Kampemba. Tulitafuta kijana wa kuingiza tiketi za mizani, zile zenye uzito wa kila lori la shaba linaloelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Barua zilijaa boksi. Shefu hakuzisoma; aliagiza zisizo na breve ziwekwe kando. Katika zilizobaki wakaitwa wawili, msichana na mvulana, wote wa Commerciale, yaani mchepuo wa biashara, wote na diploma ya Etat, ile anayopewa aliyefaulu Exetat. Nikawapa tiketi zilezile, na bei ya mfano: dola 50 kwa tani.

Tiketi zetu zimeandikwa kwa mtindo wa Kifaransa. 28,450 ni tani 28 na kilo 450. Lakini Excel ya pale imepangwa kwa Kiingereza, na kwake mkato hutenga maelfu. Ukiandika ulivyoona, inapokea elfu ishirini na nane mia nne hamsini, na kwenye kioo namba inabaki ileile, jicho haligundui kitu. Kosa linatokeza pale unapozidisha kwa bei.

Msichana alikuwa na vidole vya ajabu, klavye (kibodi) hakuitazama hata mara moja. Akamaliza mapema, akapiga mistari, akatia kijani kwenye vichwa vya safu, jumla akaikoleza. Jedwali lilipendeza kweli. Mvulana alikuwa bado anatafuta herufi mojamoja, nami nikaanza kumhurumia. Mara akasimama.

“Mama, samahani. Hapa lori moja linalipwa dola zaidi ya milioni. Haiwezekani.”

Nikamuuliza amejuaje. Akasema baba yake ni dereva, habari za mzigo na bei za safari anazisikia nyumbani tangu utoto. Namna ya kurekebisha hakuijua. Nilimwonyesha, akafuta, akaanza upya kwa nukta mahali pa mkato, polepole vilevile.

Alipewa staji, yaani kazi ya kujifunza, baadaye akaajiriwa. Msichana alirudi nyumbani, na jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu yote aliyofundishwa aliyafanya sawasawa. Wakati wa kuaga aliniambia kwamba kwenye mafunzo walikuwa wakipokezana mashine, na mazoezi yao yalikuwa bei za duka ambalo halipo. Tiketi ya mizani aliishika kwa mara ya kwanza mezani kwangu.

Nilishika kalamu ili niandike kwamba breve haisaidii. Lakini lile boksi linanirudia akilini. Mvulana yule, pamoja na akili yake yote, bila breve asingefika kwenye kiti kile. Na nani ajuaye, kati ya barua zilizowekwa kando huenda walikuwemo watoto wengine wa madereva. Naona ni dhuluma kuchuja hivyo, lakini ndivyo wanavyochuja, na mtoto wa leo hawezi kungoja washefu wabadilike.

Tena breve hazilingani. Mtihani wa Microsoft Office Specialist, cheti cha Microsoft wenyewe, unafanywa kwenye mashine yenyewe, kwa dakika 50, na kufaulu ni alama 700 kwa 1000. Aliyeupita ameonyesha kazi ya mikono yake. Kwetu kuna vituo ambavyo ukilipa na kuhudhuria, karatasi ni yako.

Basi jibu langu ni ndiyo, walipieni, ila si kwa pesa ya shule. Ikitosha kitu kimoja tu, diploma ya Etat kwanza. Na kabla ya kutoa dola, ingieni darasani saa ya somo. Angalieni watoto wangapi wanagombea mashine moja. Ulizeni umeme ukikatika wanafanya nini, maana klavye iliyochorwa ubaoni haimfundishi mtu kuandika. Ulizeni pia kama wanaingiza fakture (ankara) na fishi za stoku (kadi za mali ya ghala) zilizotoka kazini kweli. Mwalimu akikosa la kujibu hapo, tafuteni kituo kingine, hata kama bei yake imepanda kidogo.