Uvimbe chini ya sikio la mama: sindano kwanza, kisu baadaye

Usimpeleke, dada! Umesema mama ana uvimbe chini ya sikio, hauumi, una miaka, na kuna mtu hapo Ngamiani, Tanga, kawaambia atautoa kwa ganzi, nusu saa tu, kesho yake mama yuko sokoni. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi. "Mafuta tu hayo." Aliyeniambia hakupima chochote, na alichokitoa alikitupa kwenye ndoo, hata maabara hakikufika. Mpaka leo nikimkumbuka roho inachemka.

Hapo ndipo ilipo parotidi, tezi kubwa ya mate kuliko zote, na mshipa wa fahamu unaofumba jicho na kuinua mdomo unapita ndani yake, umegawanyika matawi. Uvimbe mwingi wa hapo si saratani. Unaoonekana zaidi ni pleomofiki adenoma, aina isiyo saratani, nao una ganda la kudanganya: ukiukwangua wenyewe tu, chembe zinabaki na kuota upya. Wangu ulirudi baada ya miaka, vijiuvimbe kama punje za kunde chini ya kovu. Upasuaji wa pili ukawa mgumu kweli, maana mshipa ulishagandana na kovu. Sasa jicho la kulia halifumbi sawasawa, usiku nalibandika plasta. Chai inanichuruzika pembeni mwa mdomo, na wageni wanaangalia pembeni.

Kwa hiyo sindano kwanza. Nendeni Bombo, hospitali ya rufaa ya Tanga, aonwe na daktari wa masikio, pua na koo, apigwe ultrasaundi, avutwe chembe kwa sindano nyembamba. Asikatwe hata kinyama kabla ya hapo. Wakiandika rufaa ya Muhimbili, nendeni. Upasuaji wenyewe ni wa nusu kaputi: daktari anautafuta mshipa kwanza, ndipo anautoa uvimbe pamoja na sehemu ya tezi inayouzunguka. Muulizeni waziwazi atalindaje mshipa wa uso, na mwambieni uvimbe wote uende patholojia, maabara ya kuchunguza nyama iliyotolewa. Akikwepa swali, tafuteni mwingine.

Bei ya yule wa Ngamiani ni ndogo, sikatai. Upasuaji wa kurudia hauna bei ndogo.

Mtazameni mama leo: mdomo ukiwa umeanza kupinda, au uvimbe umeanza kuuma, kukua haraka au hausogei ukiguswa, msingoje wiki ijayo.