Maswali ya Wasomaji: Redio Nyingi Ndani ya Simu Moja

Barua za mwezi huu zimetoka Dodoma, Mombasa, Songea, Kigoma, Lushoto na Kilwa, na waandishi wake hawafanani kwa umri wala kwa kazi. Hata hivyo, nilipozisoma kwa mkupuo mmoja niliona kwamba zinalalamikia jambo moja kwa majina tofauti. Simu janja tunaiita kifaa kimoja, ilhali ndani yake mna redio kadhaa zilizobanana: ya kuzungumza na mnara, ya Wi-Fi, ya Bluetooth, ya kupokea setilaiti, katika baadhi ya simu ya FM, na katika nyingine redio ndogo sana ya kusomana kwa kugusana. Zote zinategemea betri moja na antena chache, kwa hiyo mara nyingi hupanga foleni kama ndoo kwenye bomba la mtaa. Mengi tunayoyaita ubovu wa simu ni foleni hiyo tu.

*Shikamoo mwalimu. Nina laini mbili, moja ya kupigia na moja ya bando. Nikipigiwa kwenye laini ya kwanza intaneti hukatika palepale, na anayenitafuta kwenye laini ya pili huambiwa sipatikani. Fundi ananishauri nibadilishe simu. – Mwanafunzi wa chuo, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Fedha yako iache mfukoni kwanza, kwa sababu hapo pana mambo mawili yaliyoingiliana, na la kwanza halihusiani na idadi ya laini. Mtandao wa 4G ulibuniwa kwa ajili ya kubeba data. Haukupewa ile njia maalumu ya sauti iliyokuwamo katika 2G na 3G. Kwa hiyo, mtu anapokupigia, mtandao huiamuru simu yako ishuke kwanza kwenye 3G au 2G, ipokee mazungumzo huko, kisha ipande tena 4G baada ya kukata. Ukishukia 3G intaneti huendelea kwa mwendo wa kujikokota. Ukishukia 2G, kwa kawaida husimama kabisa mpaka mazungumzo yaishe. Kushuka huko ndiko pia kunakomfanya mpigaji asubiri sekunde kadhaa za kimya kabla ya kusikia mlio.

Dawa yake ipo, nayo ni utaratibu uitwao VoLTE, ambao huigeuza sauti kuwa data na kuipitisha kwenye 4G yenyewe, hivyo simu haina sababu ya kushuka. Ili ufanye kazi, simu yako iwe na uwezo huo, kampuni ya laini iwe imeuruhusu kwa aina ya simu uliyo nayo, na mnara unaokuhudumia uwe wa 4G. Tazama kwenye mipangilio ya laini. Katika simu nyingi swichi yake ipo, ila haijawashwa.

Jambo la pili ndilo linalowashangaza watu wengi, kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba simu ya laini mbili ni simu mbili katika gamba moja. Simu nyingi za aina hiyo zina nafasi mbili za laini lakini redio ya mnara ni moja. Simu ikiwa imetulia, redio hiyo hutega sikio kwa mtandao wa kwanza kwa muda mfupi mno, ikahamia wa pili, ikarudi tena, na kwa kuwa mitandao huita simu kwa vipindi vinavyojulikana, vya kiasi cha sekunde moja au mbili, inawahi kusikia wito wa laini zote mbili. Ukianza kuzungumza, redio hukamatwa na laini moja muda wote, na ile nyingine hubaki haina wa kuisikiliza. Kwa mtandao wa laini hiyo ya pili, wewe ni kama mtu aliyezima simu.

Unaweza kufanya mambo mawili bila gharama ya simu mpya. Bando liweke kwenye laini ileile unayopigiwa zaidi, hasa kama ina VoLTE. Kisha ielekeze laini ya pili ihamishie wapigaji kwenye ya kwanza kila isipopatikana: bonyeza **62*, andika namba ya laini ya kwanza, malizia kwa reli (#) na upige ukitumia laini ya pili. Anayekutafuta huko atasikika kwako kama simu inayosubiri. Uliza kwanza kwa mtoa huduma wako, maana sehemu ya simu iliyohamishwa huweza kukatwa kwenye salio lako. Ukitaka kufuta, piga ##62#.

*Nina saluni. Muziki natoa kwenye simu iliyounganishwa na Wi-Fi, nao unachezwa na spika ya Bluetooth. Asubuhi sauti huwa safi, lakini ikifika mchana hukatakata, na wateja wananicheka. Spika imeharibika? – Mwenye saluni, Mombasa*

Dada yangu, kwa kuwa asubuhi ni nzima, spika naitoa hatiani. Bluetooth hutumia masafa ya kuanzia megahezi 2,402 hadi 2,480, na humo ndimo zinamokaa Wi-Fi nyingi za majumbani na madukani, zile za gigahezi 2.4. Ni uwanja ulioachwa wazi kwa kila mtu bila leseni ya mtumiaji, ndiyo sababu vifaa vyake ni vya bei nafuu, na ndiyo sababu pia umejaa. Hata jiko la maikrowevu la mgahawa wa jirani hupasha chakula kwa mawimbi ya masafa hayohayo, na kiasi kidogo huvuja nje. Adhuhuri, jirani anapopasha pilau na kila duka limewasha Wi-Fi yake, uwanja huo hufanana na Marikiti siku ya mkesha wa Idi.

Walioibuni Bluetooth walilitarajia hilo. Waliyagawa masafa hayo katika vichochoro 79, na vifaa viwili vilivyooanishwa huruka pamoja kutoka kichochoro kimoja hadi kingine mara 1,600 kwa sekunde, vikikwepa vile vilivyobainika kuwa na kelele. Wi-Fi yenyewe haina wepesi huo, kwani hukalia takriban vichochoro 20 kwa pamoja na kubaki hapo. Router tatu za majirani, yaani visanduku vinavyogawa Wi-Fi, zikijipanga vizuri huacha upenyo mdogo sana. (Jina la Bluetooth, kwa wanaopenda mambo hayo, ni lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 anayesifiwa kwa kuwaunganisha watu wa kaskazini, na ile alama yake ni herufi mbili za kale za jina hilo zilizounganishwa.)

Ongeza kwamba katika simu nyingi Wi-Fi na Bluetooth ziko ndani ya chipu moja na hushirikiana antena. Simu yako inapovuta wimbo kwenye Wi-Fi na papo hapo kuusukuma kwa spika, inagawa zamu kwa vipande vya milisekunde; vipande vikipungua, wewe unasikia kukatakata. Kama router yako ina gigahezi 5, hamishia simu huko, na Bluetooth itabaki bila mwenzake wa kugombana naye. Kama haina, pakua nyimbo usiku ili mchana simu isihitaji Wi-Fi. Tena usiitie simu mfukoni ukampa spika mgongo: mwili wa mtu una maji mengi, na maji huyanyonya mawimbi hayo.

*Mjukuu amenipa simu yenye redio. Inakataa kukamata kituo mpaka nichomeke waya wa spika za masikioni. Mbona kupiga inapiga bila waya? – Babu wa wajukuu sita, Songea*

Shikamoo mzee wangu. Waya huo ndio antena ya redio yako. Antena nzuri hutaka urefu unaokaribia robo ya urefu wa wimbi inaloliwinda. Mawimbi ya FM, yale ya karibu na megahezi 100, yana urefu wa mita 3 hivi, kwa hiyo robo yake ni sentimita 75, na simu ya urefu huo ungeitembelea kama mkongojo. Mawimbi ya mnara ya megahezi 1,800 ni mafupi, robo yake ni kama sentimita 4, nayo inajificha ndani ya gamba bila shida. Si lazima uvae waya huo; hata waya ukiwa umekufa na hautoi sauti, uchomeke, kisha uamuru sauti itoke kwenye spika ya simu. Redio hiyo haili bando hata kidogo. Spika za masikioni zisizo na waya haziwezi kuifanya kazi hiyo, na simu mpya zisizo na tundu la waya nyingi zimekuja bila FM, jambo ambalo binafsi naliona ni hasara kwa nchi zinazosikiliza redio kama zetu.

*Ninarushia wateja filamu kwa programu ya simu. Kila mara inaniamuru niwashe Bluetooth, Wi-Fi na mahali nilipo, ingawa sina intaneti dukani. Inanichunguza? – Mwenye duka la simu, Kigoma*

Swali lako ni la mtu makini. Tufanye hesabu kwanza. Filamu ya megabaiti 700 kwa Bluetooth ya kawaida, ambayo katika matumizi haizidi sana megabiti 2 kwa sekunde (baiti moja ni biti nane), itachukua kama dakika 47. Kwa Wi-Fi yenye megabiti 100 kwa sekunde, haifiki dakika moja. Lakini kuiacha Wi-Fi ikitafuta jirani muda wote hula betri, ilhali Bluetooth ya kisasa huweza kunong'ona kwa nguvu ndogo sana. Hivyo programu huzipa kazi kwa vipaji: Bluetooth hutambulishana na simu ya mteja na kupeana siri ya kuunganishwa, kisha Wi-Fi hufungua njia ya moja kwa moja kati ya simu mbili na kubeba mzigo. Intaneti haihusiki, ndiyo maana bando halipungui.

Kuhusu mahali ulipo, sababu ya msingi ni halali. Kila router hutangaza namba yake ya utambulisho, na zipo hazina kubwa za kumbukumbu zinazoonyesha router ipi iko wapi duniani. Programu inayoruhusiwa kusikiliza Wi-Fi na Bluetooth zilizo jirani inaweza kukisia ulipo bila kutumia setilaiti. Kwa hiyo tangu Android 6, ya mwaka 2015, mfumo wa simu ulianza kudai kibali cha mahali kwa usikilizaji huo, ili mwenye simu ajue anachokitoa. Android 12 na 13 zilileta kibali tofauti cha vifaa vya jirani, na programu iliyoandikwa upya haihitaji tena kujua ulipo. Ikiwa simu yako ni mpya na programu bado inang'ang'ania mahali, hapo nami ningeshuku, na ningetumia ile ya kurushiana iliyokuja na simu yenyewe.

Yanafuata mawili ya haraka. Mwalimu wa Lushoto anauliza kwa nini simu hupata moto anapowagawia wenzake intaneti. Mwalimu, wakati huo redio mbili zinafanya kazi bila kupumzika, moja ikivuta kutoka mnarani na nyingine ikigawa chumbani. Mnara ukiwa nyuma ya mlima, simu hupaza sauti mpaka kikomo, ambacho kwa 4G ni kama wati 0.2, ilhali Bluetooth ya kawaida hutumia takriban wati 0.0025. Iweke dirishani upande wa mnara, hata kama wewe umekaa mbali nayo. Na kwa msomaji aliyeona herufi N kwenye simu yake: ni NFC, redio ya megahezi 13.56 inayosomana kwa umbali wa sentimita chache tu, nayo inaweza kusoma chipu iliyomo katika pasipoti za kielektroniki.

*Nikiwa baharini mtandao hupotea lakini alama yangu kwenye ramani inaendelea kutembea, ingawa ramani ni nyeupe. Siku nyingine alama hukawia sana kutokea. Naweza kuiamini? – Mvuvi, Kilwa*

Nahodha, alama hiyo haitoki mnarani. Simu yako inapokea mawimbi ya setilaiti za GPS zilizoko takriban kilomita 20,200 juu yetu, na simu nyingi za sasa husikiliza pia setilaiti za Urusi, Ulaya na China. Simu haizirushii chochote. Inapima tu muda ambao mawimbi yametumia kufika, na ikizisikia nne hupata ilipo. Kilicho cheupe ni picha ya ramani, ambayo huja kwa bando, kwa hiyo pakua ramani ya eneo lako ukiwa nyumbani.

Kukawia nako kuna sababu yake. Kabla ya kukokotoa, simu lazima ijue kila setilaiti iko wapi, na setilaiti hutoa habari hiyo kwa biti 50 tu kwa sekunde, kiasi kwamba setilaiti moja huhitaji kama nusu dakika bila kukatizwa, na tanga au paa la chumba likikatiza, kazi huanza upya. Nchi kavu hulioni hilo kwa sababu simu huletewa habari hiyo na mtandao kwa kufumba na kufumbua, na ikishaipata huweza kuitumia kwa saa kadhaa. Kwa hiyo fungua ramani ungali bandarini, subiri alama itulie, ndipo ung'oe nanga.

Ukishatoka kwenye mtandao, weka hali ya ndegeni lakini uache mahali pakiwa pamewashwa. Redio ya mnara ndiyo inayoimaliza betri ikihangaika kutafuta minara isiyokuwapo, na katika simu nyingi GPS huendelea kupokea kama kawaida. Alama unaweza kuiamini, mara nyingi kwa mita chache, mradi ukumbuke kwamba inakuonyesha wewe ulipo na haimwonyeshi mtu mwingine yeyote; kwa walioko pwani, kilichopo ni yale uliyowaambia kabla ya kuondoka: mwamba gani unakwenda, na saa ngapi wakutarajie.