Muulize Karani, mwishoni mwa 2025: Agoa imeisha, mteja wa Marekani anataka nipunguze bei

SWALI: Shikamoo Mzee Karani. Nauza vyondo vya mkonge hapa Kariokor. Vinasukwa na akina mama wa Kitui, nami nanunua kila kimoja shilingi 700 kisha natia mikanda ya ngozi, zipu na bitana. Ngozi ya hapa hapa ni 150, fundi 100, zipu na bitana za China 120, nauli na kupakia 130. Nina mteja mwenye duka Columbus, Ohio, ambaye huchukua vyondo 120 kwa mkupuo, dola 14 kila kimoja. Wiki hii ameniandikia kwamba Agoa, ile sheria ya Marekani ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, iliisha Septemba 30, 2025, sasa anatozwa ushuru, kwa hivyo nimshukishie bei hadi dola 11. Nikikataa naogopa atahamia India. Nikubali?
Mama Vyondo, Nairobi

JIBU: Marahaba, mama. Usimjibu bado. Chukua kalamu kwanza.

Gharama zako zote ni shilingi 1,200 kwa kiondo. Dola 14 ni kama shilingi 1,800 kwa bei ya sasa ya dola, kwa hivyo unabaki na 600, na kodi ya kibanda inatoka humo. Dola 11 ni kama 1,400. Utabaki na 200. Mteja anakuomba theluthi mbili za riziki yako kwa barua ya mistari minne, na hakukuonyesha hata karatasi moja.

Ni kweli Agoa ilifika ukomo Septemba 2025. Rais Clinton aliitia sahihi Mei 2000, ikaongezwa muda mara kadhaa, na nyongeza ya 2015 ilikuwa ya miaka kumi hadi hiyo Septemba 30. Lakini angalia vizuri anacholipa. Tangu Aprili 2025 bidhaa za Kenya zilianza kutozwa asilimia 10 ya ziada kuingia Marekani, na Agoa ilipokuwa hai haikuizuia. Mteja wako aliibeba hiyo miezi yote akinunua kwa dola 14. Kilichoongezeka Oktoba ni ushuru wa kawaida peke yake, ule ambao Agoa ilikuwa inaufuta. Mwombe akuandikie namba ya ushuru aliyotumia na kiwango chake. Kiondo chenye zipu na bitana kinaweza kuwekwa kundi la vikapu au kundi la mikoba, na viwango havilingani. Akiwa na shaka, forodha ya kwao hutoa uamuzi wa maandishi bila malipo kwa anayeuliza kabla ya mzigo kufika. Tena wao hukadiria ushuru kwa bei ya mzigo bila nauli ya kimataifa wala bima, tofauti na hapa kwetu tunakotozwa juu ya vyote. Kama alipiga hesabu juu ya gharama yote hadi mlangoni pake, amejizidishia, na sasa anataka ulipe wewe.

Kuna jambo ambalo wauzaji wetu wengi hawakuwahi kuelezwa, nami linaniuma. Msamaha wa Agoa haukuja wenyewe kwa sababu kiondo kimetoka Kenya. Anayeingiza mzigo ndiye aliyeuomba, kwa kuweka herufi D mbele ya namba ya ushuru kwenye hati zake. Asipoiweka, analipa. Na forodha ikimhoji, ushahidi unatoka kwako: kwamba angalau asilimia 35 ya thamani ya kiondo ni vifaa vya Kenya au nchi nyingine za Agoa, pamoja na gharama za moja kwa moja za kukitengeneza. Faida yako haihesabiwi. Kodi ya kibanda haihesabiwi. Zipu na bitana za China hazihesabiwi. Wewe una 700, 150 na 100, jumla 950 kati ya 1,800, zaidi ya nusu. Umepita vizuri sana.

Lakini umeandika wapi? Nilipokuwa karani wa kutoa mizigo kule Mombasa Road, tulisafirisha vikapu vya mwenye duka mmoja wa mjini. Kazi safi, mkonge wa Machakos, ngozi laini. Miezi minane baadaye barua ikaja kuuliza gharama. Alikuwa na risiti mbili zilizofutika wino na kumbukumbu ya kichwa. Mnunuzi wake alilipishwa ushuru wote, na oda ikafa. Nilimwona mama yule akikunja barua ile mara nne akaiweka kwenye pochi. Kwa hivyo nunua kaunta buku leo. Kila ununuzi andika tarehe, jina la aliyesuka, idadi, bei, na namba ya ujumbe wa M-Pesa. Fundi wa ngozi vivyo hivyo. Itunze miaka mitano.

Najua utauliza, ya nini ikiwa Agoa imeisha? Mpango mwingine wa Marekani wa kusamehe ushuru, uitwao GSP, ulikatika Julai 2013. Uliporudishwa 2015 ulihesabiwa kurudi nyuma, na walioingiza mizigo wakarudishiwa ushuru wao. Walirudishiwa wao, mama, si waliouza na kupunguza bei. Bunge lao likifanya hivyo kwa Agoa, mteja wako atapata fedha zake, nawe utakuwa umeshazoea dola 11.

Mwandikie hivi: utabeba nusu ya ushuru wa kawaida akikuonyesha hati ya forodha, ile asilimia 10 haimo, alikuwa nayo tangu Aprili, aendelee kuweka D kwenye hati zake, na akirudishiwa chochote, nusu uliyobeba irudi kwako na bei irudi dola 14. Kisha anza kutafuta mnunuzi Ulaya. Mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya unafanya kazi tangu Julai 1, 2024, bidhaa zetu zinaingia bila ushuru, na haukuwekewa tarehe ya kuisha kama Agoa.

Akikutumia ile hati, nitumie nakala kabla hujakubali bei yoyote. Nitaisoma nawe mstari kwa mstari.