Kware aliyedonolewa kichwani na wenzake

Pole sana, ndugu. Umeuliza kama umchinje kware wako aliyedonolewa kichwani na wenzake bandani. Kama ngozi ya kichwa imechunika lakini bado anasimama na kula, usimchinje. Jeraha la kichwani kwa kware hutisha kuliko lilivyo, na mara nyingi hupona vizuri.

Mtoe bandani sasa hivi. Damu huwaita wenzake warudi kumdonoa, hata wale waliokuwa wapole. Bana jeraha kwa kitambaa safi hadi damu ikatike, kisha lioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko cha chai cha chumvi. Kipande cha ngozi kinachoning'inia usikivute. Kilaze mahali pake. Paka iodini iliyozimuliwa hadi ifanane na chai ya rangi, mbali na macho. Spiriti hapana, inaunguza nyama changa.

Muweke kwenye boksi lenye joto upande mmoja, maji kwenye kisahani kifupi, na wavu wa kuzuia nzi. Nzi wakitaga hapo, funza watamla akiwa hai. Jicho likivimba au jeraha likinuka, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Umesema una madume wanne kwa majike sita. Hapo ndipo penye tatizo! Dume mmoja anatosha majike watatu hadi watano. Punguza madume, fifisha taa, ongeza nafasi. Huyu mgonjwa asirudi hadi manyoya yafunike kovu, na kwanza akae siku kadhaa nyuma ya wavu, waonane bila kugusana.