Maswali Yenu: Dakika Tano Tu

Mwezi huu barua nyingi zimehusu diorama za kijeshi za kuchekesha, yaani vile vifaru na askari wadogo unavyopanga juu ya ubao pamoja na ardhi yao, miti yao na kisa chao. Nimechagua nne, na ya kwanza nimekaa nayo siku kadhaa kabla ya kujibu.

SWALI: Habari za kazi ndugu fundi. Niko Masaka, nimejenga kifaru T-55 skeli ya 1:35, yaani kidogo mara 35 kuliko cha kweli, kimenichukua miezi minne. Nilitaka watu wacheke, kwa hiyo mbele yake nikalaza askari aliyekufa, na mwenzake anamvua buti huku anajipimia kama zinamtosha. Vijana walicheka kidogo tu. Jjajja wangu, mzee wetu wa nyumbani, aliangalia muda mrefu, akavua miwani, akatoka nje, na tangu siku hiyo hajaniuliza tena habari ya modeli. Nimekosea wapi? – Msomaji, Masaka

JIBU: Ndugu yangu, kifaru chako hakina kosa, kosa liko kwenye yule mtu uliyemlaza chini. Uko Masaka, mji uliopigwa mizinga na kubomolewa vibaya mapema mwaka 1979 kwenye vita ya Uganda na Tanzania, na T-55 ni kifaru cha vita ile ile. Jjajja wako hakuona modeli pale, aliona barabara anayoijua, na labda aliona na mtu anayemjua. Kabla hujashika gundi tena nenda ukae naye, muulize aliona nini miaka ile, na akinyamaza basi nyamaza naye, usimlazimishe.

Sasa tuje kwenye kicheko. Maiti haimchekeshi mtu, kinachochekesha ni askari akionekana ni mtu kama sisi, ana njaa, ana usingizi, amepotea njia na anaona aibu kuuliza, mkubwa wake anapiga kelele na hakuna anayemsikiliza. T-55 ina tani kama 36, mzinga wa milimita 100, watu wanne ndani yake, halafu imesimama njiani kwa sababu ng'ombe wa Ankole, wale wa pembe ndefu, wanavuka na anayewachunga ni mtoto wa miaka kumi mwenye fimbo, hana haraka hata kidogo. Hiyo kila mtu Uganda ameshaiona akiwa kwenye teksi au kwenye boda, kwa hiyo hana haja ya kuelezwa.

Toa yule marehemu, weka ng'ombe watatu, wanatosha. Pembe ya mita 1 kwenye skeli yako inakuwa karibu sentimita 3, chukua waya wa shaba wa umeme, ukunje, uzungushie tishu iliyoloweshwa gundi nyeupe ya mbao, unene uwe chini kwenye kichwa na ncha ibaki nyembamba. Kamanda atoke nusu juu ya kifaru anapunga kofia, dereva naye achomoze kichwa tu, kidevu juu ya mikono, amelala. Mtoto usimfanye anamwangalia kamanda, mfanye anaangalia ng'ombe wake, maana hapo ndipo utani wote ulipo: kamanda anamtazama mtoto, mtoto anatazama ng'ombe, na ng'ombe hawamtazami mtu. Macho yakikosea hata kidogo kisa kinapotea, mimi huwa napanga vichwa kwanza bila gundi, natumia plastisini ya watoto shuleni, nazungusha nazungusha mpaka nimeridhika.

Halafu ficha kitu kimoja nyuma. Juu ya injini weka sufuria ya chakula cha hao askari na kaloli, yule ndege mkubwa wa majalalani, ameingiza kichwa ndani yake. Kaloli mkubwa anafika mita 1 na nusu kwa urefu, kwako ni sentimita 4 na kidogo, na kwa sababu yuko nyuma mtu atamwona akizunguka meza, kwa hiyo anacheka mara ya pili. Ishia hapo. Najua utatamani kuongeza muuza gonja (ndizi za kuchoma), mbuzi juu ya mzinga na askari anachimba dawa porini, lakini ukijaza ubao mtu hajui acheke wapi.

Na kifaru chenyewe kijenge kwa heshima zote, minyororo ilegee juu ya magurudumu kama ya kweli, vumbi likae kwenye kona sio kila mahali, kutu iwe pale chuma kinapokutana na maji. Ukikifanya kama katuni ng'ombe nao wanakuwa katuni, inabaki ni kitu cha kuchezea tu. Kwenye kibao cha mbele usieleze kisa, andika maneno ambayo mtoto angemjibu kamanda: "Dakika tano tu."

SWALI: Mama yangu anasema jeshi na utani haviendi pamoja, hata nikijenga kwa adabu. Kuna kisa cha kweli cha kijeshi ambacho kinachekesha bila kumdhalilisha mtu? – Msomaji, Gulu

JIBU: Mama ana sababu zake, Gulu imeona mengi, kwa hiyo usibishane naye, mpe kisa hiki. Mwaka 1944 Wamarekani walipeleka Ufaransa kikosi cha watu kama 1,100 ambacho kazi yake ilikuwa kumdanganya adui. Walikuwa na vifaru vya mpira vya kujaza upepo kama puto, na spika kubwa za kupiga sauti ya magari ili Wajerumani wadhani kuna jeshi zima pale. Mchoraji mmoja wa kikosi hicho, Arthur Shilstone, alisimulia jinsi Wafaransa wawili wenye baiskeli walivyopita wakawakuta askari wanne wamebeba kifaru cha Sherman mikononi, wakabaki wameduwaa, na yeye akawaambia kwamba Wamarekani wana nguvu sana. Unaona ilivyo nzuri kwa diorama? Huhitaji zaidi ya kifaru, watu wanne na baiskeli mbili, na hakuna tone la damu. Ila kifaru kipake rangi isiyo na kutu wala mikwaruzo, na weka mikunjo midogo kwenye kona maana ni mpira, ili mtu akisogea karibu agundue siri mwenyewe.

SWALI: Mafundi wengi nawaona wananakili utani wa Wazungu. Nataka kitu ambacho Mswahili akiona acheke na mgeni abaki anauliza. Nipe wazo. – Msomaji, Nakasongola

JIBU: Unaniuliza haya ukiwa Nakasongola ambako mnao vifaru wenyewe! Kifaru mwituni Uganda alikwisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hifadhi ya wanyama iitwayo Ziwa hapo kwenu ndiyo iliyoanza kuwarudisha mwaka 2005, kwa hiyo wazo lako liko karibu na mlango.

Fikiria kambi ya Keya, wale King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza huku Afrika Mashariki. Amri na mazungumzo mengi ya Keya yalikuwa kwa Kiswahili na ofisa wa Kiingereza alilazimika kujifunza, mwingine akakipata vizuri, mwingine nusu nusu. Ofisa ameagiza kifaru. Kuruti ametoka asubuhi, amerudi jioni, sare imechanika goti, jasho linamtiririka, ameshika kamba, na mwisho wa kamba yuko kifaru mwenye miguu minne na pembe mbili. Kuruti amesimama wima kabisa anapiga saluti, kwa sababu ametimiza amri na anastahili sifa. Kibao kinasema: "Kifaru amefika, afande!"

Hilo neno moja ndilo linabeba kila kitu. Kingekuwa cha chuma angesema kimefika. Mgeni hata umfafanulie saa nzima hatapata ile ladha, lakini Mswahili anasoma "amefika" na anaanza kucheka kabla hajainua macho. Na kuna jambo la kweli linaloinogesha zaidi, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana Burma mwaka 1944, ambako askari wa Uganda walikuwemo, alama yake ilikuwa kifaru. Kwa hiyo mchoree kuruti ile alama begani. Kwenye skeli ya 1:35 itakuwa milimita moja na nusu hivi, tumia ncha ya sindano, na pumua polepole.

Mnyama mwenyewe wa Ziwa ni kifaru mweupe, kwa hiyo mdomo wake ni mpana kama wa anayekata majani, usimchongoe. Urefu wa mwili uweke sentimita 10 au 11, mabegani sentimita 5. Finyanga umbo kwa foili ya jikoni, ikaze sana, halafu paka epoksi ile ya mafundi bomba ya kuchanganya vipande viwili, ila kidogo kidogo kwa sababu inakauka upesi. Ngozi ipate mikunjo kwa kubonyeza foili iliyofinyangwa juu ya epoksi ikiwa bado laini, utashangaa inavyofanana. Usimfanye mkali. Mpe sura ya mnyama aliyechoka kutembea, ndipo watu watampenda yeye na kuruti wake.

SWALI: Nimetengeneza kilima kwa lile povu jeupe la kufungia TV, nikapulizia spreyi ya kahawia, kilima kikaanza kuyeyuka mbele ya macho yangu na sasa kina mashimo. Nifanyeje, na udongo nitoe wapi? – Msomaji, Jinja

JIBU: Pole sana. Ni kemikali za spreyi zinazokula povu, na supagluu nayo inakula vile vile. Siku nyingine pakaa kwanza gundi nyeupe ya mbao mara mbili, iache ikauke kabisa, halafu tumia rangi ya maji kwa brashi. Lakini hicho kilima usikitupe, mashimo yale yanafanana sana na udongo uliokatwa na mvua, yajaze kidogo kwa karatasi ya choo na gundi uendelee.

Udongo usinunue, uko nje ya mlango wako. Chukua maramu kavu, ikaange kwenye sufuria mbovu mpaka ikauke na wadudu wafe, ipitishe kwenye chujio la chai halafu kwenye soksi ya nailoni, maana kokoto ya milimita 5 kwa askari wa 1:35 ni jiwe la sentimita 17. Changanya na gundi na maji, upake. Ikikauka itakuwa nyeusi kuliko ulivyotaka, kwa hiyo nyunyiza unga mkavu wa maramu hiyo hiyo juu wakati bado inanata. Tope la njiani tengeneza kwa mchanganyiko huo huo ukiwa mzito, pitisha gurudumu la modeli yako ungali mbichi ili liache alama, na siku ya pili paka vanishi ya kung'aa ndani ya alama hizo tu, sio pembeni, ili maji yaonekane yametuama kwenye njia ya gurudumu.