"Hail Mary" ya mpira wa Marekani: niandike Salamu Maria?

SWALI: Mimi ni mtafsiri, ndiyo kwanza naanza kazi ya manukuu ya video. Kwenye mechi ya mpira wa Marekani, zikiwa zimebaki sekunde chache, mtangazaji anapiga kelele "Hail Mary!" Niliandika "Salamu Maria!", mteja akanirudishia kazi akisema hapo hakuna anayesali. Jina hili limetoka wapi, lina maana gani, na niandike nini?

JIBU: Mteja wako hajakosea sana, na wewe pia hujakosea. Maneno yenyewe ndiyo hayo, Salamu Maria, ile ile ya kwenye rozari. Shida ni kwamba anayesoma manukuu hatajua kuwa imetajwa aina ya pasi. Usijilaumu. Mimi nilipokutana nalo mara ya kwanza nilidhani mtangazaji amepigwa na butwaa tu, nikaandika "Mama yangu wee!" Likapita, hakuna aliyegutuka.

Uwanjani iko hivi. Timu inafungwa, muda unayoyoma, na eneo la kufungia liko mbali, tuseme yadi 50. Hakuna tena nafasi ya kusogea kidogo kidogo. Basi wadakaji watatu au wanne wanatimua mbio hadi huko mwisho na kukusanyika mahali pamoja, na kwotabeki, ndiye mrushaji, anautupa mpira juu kabisa uwaangukie. Mmoja anaruka kuudaka au hata kuugusa tu. Wenzake wanavizia mbele na nyuma yake, pengine utawachomoka wenye kuugombea. Mabeki nao wanafundishwa wasihangaike kuudaka. Kazi yao ni kuupiga chini, kwa sababu pasi ikigusa ardhi imekufa. Mara nyingi inakufa kweli.

Kuhusu jina, wengi watakuambia lilizaliwa tarehe 28 Desemba 1975 huko Bloomington, Minnesota. Dallas Cowboys walikuwa nyuma 14–10 mbele ya Minnesota Vikings, mechi ya mtoano. Roger Staubach, kwotabeki wa Dallas, akarusha pasi ya yadi 50 kwa mdakaji wake Drew Pearson, na pasi yenyewe haikuwa nzuri: ilipungua urefu. Pearson akalazimika kupunguza mwendo kuifuata, beki Nate Wright akaanguka, na Pearson akaubana mpira kati ya kiwiko na nyonga, akaingia nao. 17–14. Watu wa Minnesota wanashikilia kwamba Wright alisukumwa. Waandishi walipomuuliza Staubach, ambaye ni Mkatoliki, alijibu kwamba alifumba macho akasali Salamu Maria. Siku hiyo ndipo neno liliposhika nchi nzima.

Lilishika, lakini halikuzaliwa hapo. Tarehe 28 Oktoba 1922 Notre Dame, chuo cha Kikatoliki cha jimbo la Indiana, walicheza na Georgia Tech. Jim Crowley, aliyekuwemo kikosini, alikuja kusimulia kwamba walipokwama yadi 6 kutoka mstari wa kufungia, mwenzao Noble Kizer alipendekeza wasali Salamu Maria. Wakasali, wakafunga. Robo ya nne wakakwama tena yadi zile zile 6, wakasali, wakafunga, na mechi ikaisha 13–3. Kizer akasema hiyo Salamu Maria ndiyo mbinu yao bora kuliko zote. Utamu wa kisa ni kwamba Kizer mwenyewe alikuwa Mpresbiteri.

Hapo ndipo penye jibu lako la maana. Yadi 6! Na lile bao la pili halikuwa hata pasi. Mchezaji aliubeba mpira akakimbia nao. Hata mwaka 1935, Elmer Layden, kocha wa Notre Dame aliyekuwa mchezaji wao zamani, alipoliita hivyo bao lililowapa ushindi wa 18–13 dhidi ya Ohio State, pasi ilikuwa ya yadi 19 tu. (Mrushaji aliitwa Bill Shakespeare. Ukikutana na jina hilo, usidhani ni kosa la uchapaji.) Kwa hiyo asili ya jina si urefu wa pasi. Ni mchezo ambao ukiufanya unabaki kumtegemea Mungu. Urefu umeingia kwa sababu ya Staubach.

Sasa manukuu. Maandishi yanakaa kwenye skrini sekunde mbili, huna nafasi ya maelezo. Kwa kilio cha mtangazaji mimi huandika "Pasi ya liwalo na liwe!" Ina ule ujasiri wa mtu aliyemaliza njia zote. "Bahati nasibu" siipendi, kwa sababu timu huifanyia mazoezi pasi hii, na mnunuzi wa tiketi hana mazoezi. "Mfa maji" nayo inadhihaki, wakati wanaoitazama pasi hii angani wana matumaini. Ila kama anayeongea ni Staubach au mtu anayesimulia kisa chake, acha Salamu Maria kama ilivyo, la sivyo kisa kinapoteza kichwa na miguu. Na ukilikuta neno kwenye habari za biashara au siasa, "karata ya mwisho" inatosha.

Jambo moja kabla hujamrudishia mteja: angalia saa ya mechi. Ile pasi ya Aaron Rodgers, wakati huo kwotabeki wa Green Bay, yadi 61, Detroit, Desemba 2015, ilirushwa saa ikiwa tayari imefika sifuri, kwa sababu faulo ya Detroit iliwapa wageni jaribio moja la ziada. Ukiandika "sekunde ya mwisho" hapo, mteja atakurudishia tena, na safari hiyo atakuwa na haki.