Chipu imeandikwa ampia 3, mbona inazima saa saba mchana?

Swali: Shikamoo Mhandisi. Nimefunga rauta na kamera juu ya paa huku Mbagala, kwa pamoja zinakula volti 5, ampia 3 hivi. Umeme unatoka kwenye betri za sola za volti 24 na kushushwa na modyuli yenye chipu ya LM2596. Asubuhi inafanya kazi vizuri, ila kuanzia saa sita mchana inazima na kuwaka mpaka jua lipoe. Fundi ameniambia nibandike hitisinki (kipande cha chuma cha kupooza joto) juu ya chipu, au nifunge modyuli mbili sambamba. Nifuate lipi?

Jibu: Marahaba. Usifuate hata moja.

Hilo la "imeandikwa ampia 3" ndilo linalonichosha, nalisikia kila wiki. Ampia 3 ni uwezo wa swichi iliyo ndani ya chipu. Joto litatoka nje kwa njia gani, hilo chipu haikuahidi mtu.

Tupige hesabu. Unatoa wati 15. Kwa ufanisi wa asilimia 80 unaingiza wati 18.75, kwa hiyo 3.75 zinageuka joto. (Wengi huchukua asilimia 20 ya 15 wakapata 3. Hapo wameshajipunja.) Si zote za chipu. Swichi inapitisha umeme kama moja ya tano ya muda tu, na kila inapopitisha inabaki na volti 1.2 hivi: karibu wati 0.7. Chipu kujiendesha yenyewe, 0.1. Kuwaka na kuzima mara 150,000 kwa sekunde, tuseme nusu wati. Jumla wati 1.3. Dayodi, kile kifaa cha pembeni kinachopitisha umeme upande mmoja tu na kubeba mzigo muda wote uliobaki, ina kama 1.2 zake. Zinazosalia ni za koili na wenzake.

Sasa chipu ya namna hii, kwenye kipande kidogo cha shaba, hupanda kama nyuzi 50 kwa kila wati. Hizo ni nyuzi 65 juu ya hewa iliyoizunguka. Mezani kwako penye nyuzi 30 inafika 95 na kutulia. Ndani ya boksi la plastiki juu ya bati, mwezi wa pili, hewa inafika 55 bila taabu: tayari 120, na dayodi iliyo pembeni inaongeza zake. Mpaka wa kufanyia kazi ni 125. Ikizidi sana inajikata, ikipoa inarudi. Ndiyo michezo unayoiona.

Hitisinki juu? Joto la chipu hii linatoka nje kupitia bati lake la chini, lile lililochomewa kwenye shaba ya bodi. Juu ni plastiki. Unabandika hitisinki kwenye blanketi. Na modyuli mbili sambamba hazigawani mzigo: yenye volti iliyozidi kidogo tu inabeba karibu wote, mwenzake anaangalia.

Pima kwa waya wa joto wa multimita, ncha yake iguse bati la chipu, kisha ongeza nyuzi 3 kupata joto la ndani. Kidole hakisomi nyuzi. Ile bunduki ya kupimia homa iliyobaki tangu korona nayo iache, risasi ya kuchomelea inayong'aa inaidanganya. Halafu liondoe boksi kwenye jua, na utafute modyuli ambayo kazi ya dayodi inafanywa na mosfeti (swichi ya elektroniki inayopoteza umeme kidogo kuliko dayodi), yenye shaba pana.

Kuna na feki. Nimepima za Kariakoo zilizoandikwa LM2596 zikiwaka na kuzima theluthi tu ya mara 150,000. Koili iliyopangiwa kasi kubwa inashiba (sumaku yake inafika kikomo), na hesabu yote hapo juu inakuwa ya bure.

Mnaocheka kwamba "inajizima tu, haina neno", fahamuni kwamba swichi ikiungua, mara nyingi hushikana. Volti 24 zote zinaingia kwenye kifaa cha volti 5. Juzi nimeletewa rauta ya hivyo, kapasita ya mlangoni imepasuka na kutapakaa hadi kwenye kifuniko, na modyuli iliyoiua bado ina hitisinki yake juu, imegandishwa kwa supagluu.